Robo ya Wimbi

Adhuhuri ya Machi, joto la Tanga linapokaa juu ya bati kama kifuniko juu ya sufuria, mama huinuka kitini, hunyoosha mkono nyuma ya mlango, huchukua ufagio wa mpini mrefu na kwenda kulisukuma pangaboi. Swichi imekwisha kuwashwa. Umeme upo. Ukinyamaza unausikia: mvumo mzito wa chini chini, kama wa mtu aliyebana pumzi chini ya gunia lisilonyanyuka. Mapanga matatu yamesimama, ncha zake zinatetemeka kidogo mno, na vumbi lililolala juu yake halijadondoka hata chembe. Mama huinua mpini, hugusa panga moja, hulisukuma taratibu kama anavyosukumwa mtoto anayepanda bembea kwa mara ya kwanza, na hapo dude zima huamka. Duara la kwanza ni la uvivu, la pili la kujikumbuka, la tatu limeshakuwa upepo. Ufagio hurudi nyuma ya mlango. Mama hurudi kitini, huokota ukili wake aliokuwa akiusuka, na shughuli inaendelea. Nilipofika kwake likizo hii niliuona huo kuwa ubovu wa kurekebishwa tu. Siku ya tatu ulikuwa umegeuka swali lililokataa kunitoka.

Siku hiyo kochi lilikuwa limesogezwa kwa ajili ya kupiga deki, na mama akalisukuma pangaboi akiwa amesimama upande usio wake. Halikubisha. Likaenda alikolielekeza, kwa kasi ileile na kwa bidii ileile, lakini kinyume. Hewa ikawa inavutwa kwenda juu. Utando wa buibui kwenye kona ya dari ukacheza, nasi chini tukaendelea kulowa jasho. Mama alitazama juu, akazima swichi, akasubiri mapanga yasimame kabisa, akazunguka kochi, akaanza upya. Alifanya hivyo bila kusema neno, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyevaa kanzu nyuma mbele. Mimi ndiye niliyebaki nimeganda. Kumbe mota ile haina upande! Nguvu zote zimo ndani yake, ila haijui kulia wala kushoto. Inangoja mkono wa kwanza, na mkono huo ukishapita, inautii mpaka umeme ukatike. Wazee walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Nilikuwa nikiichukulia methali hiyo kuwa maneno ya subira, kwamba shamrashamra kubwa huanza na sauti ndogo. Tangu siku ile naisikia vingine. Naisikia ikisema kwamba lele ya kwanza ndiyo inayoamua ngoma itaelekea wapi, na kwamba wachezaji, wakishakolea, hawatakumbuka tena ni nani aliyeitoa.

Umeme unaoingia katika nyumba nyingi za kwetu ni wa njia moja. Unapanda na kushuka mara 50 kila sekunde, na sumaku inayozaliwa katika waya uliosukwa ndani ya mota hufuata mwendo huohuo: inavimba upande huu, inanywea mpaka kwisha, inavimba upande wa pili, inanywea tena. Inakwenda na kurudi katika mstari uleule. Kwenda na kurudi si kuzunguka. Aliyewahi kupanda baiskeli anajua: pedali ikisimama wima, moja juu kabisa na nyingine chini kabisa, hata ukiikanyaga kwa uzito wako wote haiendi kokote, unabonyeza chuma tu. Wataalamu wa hesabu wanalieleza jambo hili kwa njia inayonivutia zaidi. Wanasema sumaku ya namna hiyo ni sawa na sumaku mbili zenye nguvu zilizo sawa, moja ikizunguka kuelekea kulia na nyingine kushoto, kwa wakati mmoja. Mapanga yakiwa yamesimama, hizo mbili ni timu mbili zinazovutana kamba bila hata moja kusogea hatua. Mvumo tunaousikia ni sauti ya sare. Anayepita akiyasukuma mapanga kidogo tu upande mmoja, upande huo hupata nafuu, na nafuu huzaa nafuu, hadi upande wa pili unabaki kuwa mzigo mdogo usiozuia safari. Asipopita mtu, nguvu ile hailali: inageuka joto, waya unachemka, vanishi inaanza kunuka, na mota ambayo haijazunguka hata mara moja inaweza kuungua kwa kujaribu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mwenyewe, mwaka ule baba alipotutoka. Baada ya arobaini kwisha na watu kutawanyika, alikaa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na nguvu zake zote, na kila aliyeingia aliziona, kwa sababu zilimtetemesha mikono. Alikuwa akivutwa huku na kule kwa uzito ulio sawa: abaki na marehemu, arudi kwa walio hai. Sisi watoto tulimpa kila kitu tulichodhani anakihitaji, chakula, fedha, maneno, na yote yalikuwa kama kuongeza umeme kwenye mota iliyokwama. Siku moja jirani alifika na nazi nne kwenye kikapu na mbuzi ya kukunia kwapani, akamwambia, “Bi mkubwa, maulidi ni kesho na mkono wangu unaniuma, nikunie hizi.” Hakumpa pole. Hakumwambia maisha yanaendelea. Mama alikaa juu ya mbuzi, akakuna nazi ya kwanza taratibu, ya pili kwa haraka zaidi, na ilipofika ya nne alikuwa akiuliza wageni watakuwa wangapi. Nimesoma mengi kuhusu huzuni tangu siku ile, lakini sijakutana na elimu iliyozidi ya yule mwanamke. Alijua mahali pa kugusa, na alijua agusie upande upi.

Jioni ya siku ile ya tatu alikuja fundi, kijana mwembamba mwenye begi la mgongoni. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, karibu.” Akazima umeme, akapanda stuli, akashusha kikombe kinachofunika fundo la nyaya pale fimbo ya pangaboi inapokutana na dari. Kutoka ndani yake akachomoa kiboksi cheusi cha plastiki, kikubwa kidogo tu kuliko kibiriti, chenye nyaya mbili, kinachoitwa kapasita. Kabla ya kukishika vizuri alizigusanisha zile ncha mbili kwa bisibisi. Nilimuuliza kwa nini, maana swichi ilikuwa imezimwa. Akasema kitu hiki hulala na umeme wake, na chakavu kama hiki huenda hakina kitu, lakini mkono haupaswi kubahatisha. Mafundi wanaofungua vyombo vyenye kapasita kubwa wana habari za kusimulia juu ya hilo, na wahenga walikwisha kuonya: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Akaweka kipimo chake. Ubavuni mwa kiboksi pameandikwa mikrofaradi 2.5, kipimo kikasoma chini ya moja. “Mota nzima, mama,” akasema akiteremka. “Kapasita ndiyo iliyochoka.”

Iliyochoka. Nilibaki na kiboksi kile kiganjani. Kipimo kilichoandikwa juu yake kinabeba jina la Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza aliyeanza maisha kwa kujifunza kujalidi vitabu, na inanifurahisha kwamba jina la mtoto wa mhunzi limefika mpaka ndani ya begi la fundi wa Tanga. Lakini kapasita yenyewe ilikuwapo kabla yake, na ilizaliwa ikiwa mtungi. Mwaka 1745 Ewald Georg von Kleist kule Pomerania, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake alijaza umeme katika chombo cha kioo chenye kimiminika, kukiwa na msumari au waya umetumbukizwa ndani na chombo kimeshikwa mkononi. Wote wawili walipigwa vibaya. Musschenbroek aliandika kwamba hangekubali kupigwa tena vile hata angepewa ufalme wa Ufaransa. Watu wakadhani, kama ambavyo mtu yeyote anayejua mtungi angedhani, kwamba kilichohifadhi umeme ni maji. Ni Benjamin Franklin, ng’ambo ya bahari, aliyemimina maji yale katika chombo kingine na kukuta hayana kitu. Akatia maji mapya katika chombo kilekile cha kwanza, na nguvu ikawa ingali pale. Umeme haukuwa umekaa katika maji. Ulikuwa umeshikwa na kioo, na ukuta wenyewe.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Sisi tunaokulia pwani tunaujua mtungi kuwa tumbo: thamani yake ni uwazi uliomo ndani, na udongo ni wa kuuzingira tu. Mtungi wa Leiden unasema kinyume. Ndani ya kiboksi cha fundi mna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa madini, tabaka mbili zimeviringishwa pamoja kama mikeka miwili inayokunjwa kwa ajili ya safari, na madini ya mkeka huu hayagusani kamwe na ya ule. Hakuna chembe ya umeme inayovuka. Zikirundikana upande huu, zilizo upande wa pili hukimbia, kwa kuwa zinahisiana kupitia kizuizi. Kinachotenganisha ndicho kinachotunza. Ningependa kuwaambia hivyo wote wanaoamini kwamba kupendana ni kuondoa kila ukuta baina ya wawili. Mama na baba waliishi pamoja miaka arobaini, na palikuwa na mambo yake ambayo baba hakuyauliza, na ya baba ambayo mama hakuyagusa, na nyumba yetu ilikuwa na mwanga.

Lakini kutunza siyo kazi hasa anayopewa kapasita ndani ya pangaboi. Pale anatakiwa atangulie. Chukua tangi tupu, liunganishe kwa chini na tangi lililojaa. Maji huingia kwa kasi kuliko wakati wowote pale kina kingali sifuri. Kina kikishafika juu, maji yameshaacha kuingia. Kuingia kunatangulia, kina kinafuata. Ndivyo ilivyo kwa kapasita: mkondo wa umeme hufika kileleni mapema, volti ikiwa bado inapanda ngazi, na pengo kati yao ni robo ya wimbi. Waya uliosukwa una tabia ya kinyume. Huo ni mzito wa kugeuka, ukiambiwa njoo unakuja baadaye, ukiambiwa rudi bado unakwenda. Kwa hiyo waliobuni mota ya nyumbani waliweka sumaku mbili badala ya moja, zimekaa pembe mbalimbali. Ya kwanza walimwachia waya na uchelewaji wake. Ya pili wakaifunga pamoja na kapasita. Wimbi ni lilelile, limetoka katika nguzo ileile, lakini sasa sumaku moja inavimba kwanza na nyingine inavimba baadaye kidogo, kisha ya kwanza upande wa pili, kisha ya pili upande wa pili, na kitu kilichokuwa kikienda na kurudi kinaanza kuzunguka. Robo ya wimbi, katika umeme wetu, ni sehemu tano za elfu za sekunde. Tunasema kufumba na kufumbua tukidhani tumetaja muda mfupi kuliko yote. Katika kufumba na kufumbua kumoja, zaidi ya robo ishirini za namna hiyo zimepita. Upepo wote wa chumba hiki, usingizi wote wa mchana wa mama yangu, umening’inia kwenye tofauti hiyo.

Galileo Ferraris, mwalimu wa Torino nchini Italia, alilionyesha jambo hili katika maabara mwaka 1885, akalichapisha 1888. Nikola Tesla, ambaye kwa masimulizi yake mwenyewe liliwahi kumjia mwaka 1882 akitembea katika bustani ya Budapest jua likizama, akachora kwa kijiti mchangani, alipata hataza zake Marekani mwaka huohuo wa 1888. Sitaki kuingia katika ubishi wa nani wa kwanza. Kinachonishangaza ni kwamba wote wawili waliona kitu ambacho bibi yangu alikuwa akikifanya kila siku uani. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja hawapigi pamoja. Mchi wa huyu unaposhuka, wa yule uko hewani, na katikati mpunga unageuka wenyewe, unapanda ukingoni, unarudi chini, hakuna anayeukoroga. Mtoto anayetaka kuingia na mchi wa tatu huambiwa asubiri, asikilize kwanza. Anayekosea si yule asiye na nguvu. Ni yule anayeshusha mchi wakati mwenzake naye anaushusha.

Tuna neno letu la pwani, harambee, na ni neno zuri. Limevuta majahazi mengi mchangani na limejenga shule nyingi. Lakini harambee ni ya kukokota. Inafaa pale kitu kinapotakiwa kwenda mbele kwa mstari ulionyooka na kila mgongo unapotakiwa uinamie sekunde ileile. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba vidole viwili vikibonyeza upande mmoja kwa wakati mmoja, navyo havimvunji. Kuna kazi nyingine, za kuzungusha, za kila siku zisizo na mwisho kama ulezi na ndoa na kuendesha mji, ambazo humtaka mmoja wetu awe mbele kidogo. Asiwe mbele sana, kwa maana aliyetangulia nusu nzima ya wimbi anakuwa amerudi kwenye mstari uleule, akivuta pale mwenzake anapoachia, na mzunguko unakufa tena. Awe mbele kwa robo. Kutangulia si kufika, ndiyo. Na kapasita hafiki kokote, yuko palepale juu ya fimbo. Anatangulia ili pawepo tofauti.

Mota zinazohitaji nguvu kubwa ya kuanzia, za pampu za kisima au za mashine za kunolea, hupewa kapasita nyingine, kubwa zaidi, ya kuanzia tu. Inafanya kazi yake kwa muda mfupi, pengine sekunde moja, na mota ikishafika kama robo tatu za kasi yake, swichi inayosukumwa na mzunguko wenyewe inaruka na kuikata. Karakana nyingi ni za kelele, lakini ukisimama karibu na mashine ya kunolea wakati inazimwa utaisikia: gurudumu linapungua, linapungua, kisha ta! Swichi imerudi mahali pake, ikimweka yule msaidizi tayari kwa mwanzo mwingine. Ninamfikiria mkunga. Ninamfikiria somo anayemfunda mwari, na wale vijana wasiojulikana wanaosukuma gari lililozimika kwenye tope, likishawaka wanabaki nyuma wakikung’uta mikono. Ikibaki ndani kupita wakati wake, kapasita ya kuanzia huungua, haikuumbwa kukaa. Ya pangaboi ni ya aina ya pili. Hiyo haikatwi. Inabaki ndani usiku na mchana, na kila sekunde inajazwa na kumwagwa mara mia, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku mpini wa ufagio unapohitajika.

Na inavyochoka ndicho kitu nilichopenda kuliko vyote alivyonieleza yule fundi na nilivyosoma baadaye. Utando ule ni mwembamba kuliko unywele mara kumi au zaidi, na madini yaliyopakwa juu yake ni membamba zaidi sana kuliko hapo. Umeme wa nyumbani una misukosuko. Siku moja volti inapanda ghafla na kutoboa utando mahali fulani, tundu dogo lisiloonekana. Kwa kitu kingine hiyo ingekuwa shoti na mwisho wa habari. Lakini madini yaliyozunguka tundu huyeyuka na kuwa mvuke papo hapo, yanaondoka, yanaacha duara tupu, na jeraha linakuwa limejitenga. Kapasita imepona, na kazi haikusimama hata kidogo. Ila imepona kwa kupungua. Duara lile halitabeba umeme tena. Kesho duara jingine, mwaka kesho mengine, na joto la dari ya bati likiharakisha, mpaka mbili na nusu inakuwa mbili, inakuwa moja, na kile kiasi cha kutangulia kinakuwa hakitoshi kuamua sare. Nilimtazama mama akiwa amemkazia macho fundi, ukili mapajani. Madaktari humwambia kila mara kwamba anaendelea vizuri, na ni kweli, amepona kila kitu alichowahi kuugua. Zamani alikuwa akipanda ngazi za kwa shangazi bila kushika ukuta.

Fundi alifunga kapasita mpya, akarudisha kikombe, akawasha. Pangaboi halikuvuma hata kidogo. Lilianza tu, kama lililokuwa likisubiri aondoke njiani. Mama alimpa maji ya kunywa na kumuuliza kwao ni wapi. Usiku ule umeme ulikatika. Nililala nikiyasikiliza mapanga yakipunguza mwendo gizani, kila duara refu kuliko lililopita, hadi kimya. Saa nane au tisa za usiku taa ya ukumbini ikawaka yenyewe. Nikasikia chumbani kwa mama kitanda kinalia, nyayo zake, mlango unaosogezwa, mkono unaopapasa nyuma yake. Kisha akasimama. Juu yake panga la kwanza lilikuwa limeshaanza kwenda, upande wake unaostahili, na mama akabaki katikati ya chumba ameshika ufagio, ameinua uso, upepo ukimcheza kwenye khanga.